Dakika Nane za Kambakoche

Jumamosi hiyo Fundi aliamka na furaha ya kijinga, ile inayomfanya mtu acheke peke yake akipiga mswaki. Na kwa nini asicheke? Kesho yake Shangazi alikuwa akutane na watu wa upande wa mwanaume wapange siku ya harusi. Gauni alikwisha kulishona kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye kwa miaka sita amewashonea wanawake wa watu magauni ya harusi mpaka vidole vikaota sugu. Kilikuwa kimebaki kikwazo kimoja tu, nacho kilikuwa na mdomo mkali: dada yake.

Jamani, dada mtu alikuwa hamtaki yule mwanaume hata kwa dawa. Alikutana naye mara moja, miezi minane iliyopita, pale kwenye chumba cha ushonaji cha Fundi. Alimtazama juu mpaka chini, akasema mbele yake, "Mwanaume gani huyu anaongea kama anauza kitu?" Tangu siku hiyo akisikia jina lake tu husonya. "Nikimkuta kwangu nitammwagia maji ya moto," alikuwa akisema, "na bandeji nitamfunga mimi mwenyewe." Maana dada mtu alikuwa muuguzi, na mzaha wake wote ulinukia hospitali.

Sasa mtu atauliza, dada akikataa kuna nini? Kulikuwa na mengi. Mama yao alifariki Fundi akiwa na miaka kumi na miwili, na dada ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamnunulia cherehani ya kwanza. Mpaka leo dada akimpigia simu haanzi na salamu. Anaanza na "Umekula?" Shangazi naye alikuwa amelitamka neno lake na hakulirudia: "Aliyekulea ni yeye. Asipokubali, mimi kikao hicho sikai."

Basi Fundi akapanga mpango. Mchumba wake, ambaye yeye na wenzake kazini humwita Mkaguzi, alikuwa akikagua samaki kwenye kiwanda cha kugandisha, na mikia ya kambakoche, wale kamba wakubwa wa baharini, kwake haikuwa tabu kuipata. Dada mtu aliwahi kula kambakoche mara moja tu, hotelini, kwenye sherehe ya kumuaga daktari, akaisimulia mwezi mzima. Fundi alikuwa na funguo ya akiba ya nyumba ya dada. Wangeingia mchana, Mkaguzi apike, dada akirudi kutoka zamu saa nane akute meza imeandaliwa. Nani anaweza kumtukana mtu huku mdomo umejaa kambakoche?

"Si tupikie kwako?" Mkaguzi alikuwa amemuuliza.

"Kwangu nina jiko moja na meza imejaa vitambaa. Dada ana kile kikaango cha hewa nilichomnunulia siku yake ya kuzaliwa. Ni dakika nane tu, hakuna mafuta wala moshi."

Mkaguzi alikuwa amekuna shingo. "Haya. Nikifa, uniandikie kaburini kwamba nilikufa kwa ajili yako."

Walipofika chini ya jengo, Mkaguzi alisimama na mfuko wake wa barafu mkononi, akaangalia huku na huku. "Ni lipi?"

"Hilo la kijani. Ghorofa ya tatu."

"Ya tatu!" Akapiga mluzi. "Na ngazi zote hizi anapanda kila siku? Ndiyo maana ana hasira."

Fundi akampiga kibao cha bega akicheka. Alikuwa anampenda sana alivyokuwa anamfanya acheke. Hilo tuliseme, tusimwonee. Alimpenda mpaka alikuwa amejifunza kutosikia harufu ya samaki kwenye mashati yake.

Jiko la dada lilikuwa jembamba, watu wawili wakipishana lazima mmoja avute pumzi. Juu ya sinki kulikuwa na kabati ambalo mlango wake haufungi, umening'inia nje, na kona yake imekwisha kuwapiga watu wengi kichwani. Fundi mwenyewe ilimpiga mara mbili. Hata mtu wa kutengeneza bomba ilimpiga akatukana matusi ambayo dada alikataa kuyarudia. Mkaguzi akaingia na mfuko wake, anaongea habari za rangi ya kupaka chumba chao, akainamisha kichwa kidogo, akapita chini ya ule mlango, akaweka mfuko kwenye sinki. Fundi aliona. Aliona, halafu akaendelea kumenya vitunguu saumu.

"Nipe mkasi," Mkaguzi akasema. Mikia ilikuwa imelala kwenye friji ya Fundi tangu jana, sasa ilikuwa laini, minne, ya kahawia yenye madoa.

"Mkasi upi? Wangu wa vitambaa? Baba wee, heri uniombe figo."

"Mke gani huyu anamnyima mumewe mkasi?"

"Bado si mume. Ngoja kesho." Akampa mkasi wa jikoni wa dada uliokuwa kwenye kikombe dirishani.

Alikuwa anajua kazi yake, usimpunje. Aliushika kila mkia tumbo chini, akakata gamba la mgongoni kuanzia kwenye nyama kwenda kwenye mapezi, akaacha kidole kimoja kabla ya kufika mwisho. Akapanua gamba kwa vidole gumba, akaiinua nyama taratibu, akaitoa nje na kuilaza juu ya gamba lake. Akauvuta ule utumbo mweusi, akautupa. Fundi alikuwa amesimama nyuma yake, kidevu begani kwake, anaangalia.

"Unaikunjua kama mimi ninavyotoa upindo," akasema.

"Ukiivuta kwa pupa inachanika."

"Umempikia nani mwingine hivi?"

"Nani? Wewe na dada yako ndio wa kwanza. Nimeona kwenye simu tu."

Akambusu kwenye paji la uso, na mdomo wake ulikuwa na harufu ya limau. Fundi akayeyusha siagi, akachanganya na kitunguu saumu, limau na pilipili kidogo, Mkaguzi akaipaka juu ya nyama kwa nyuma ya kijiko. Wakaipanga mikia minne ndani ya droo ya kikaango, mmoja ukitazama huku, mwingine kule, ili itoshee.

Sasa hapa lazima nieleze habari ya kile kikaango, maana ndicho kilichosema yote.

Miezi minne iliyopita, dada alipohamia nyumba hii, kikaango kilianguka kutoka nyuma ya gari la mizigo. Hakikufa, lakini tangu siku hiyo swichi yake ya dakika ilipata kichaa. Ukiizungusha mpaka nane kama mtu mwenye akili timamu, mashine inanguruma lakini haihesabu, wala kengele hailii, na chakula kinageuka mkaa. Lazima uipeleke kwanza mpaka mwisho kabisa, uisikilize ikisema "ta", kisha uirudishe pole pole kwenye dakika unazotaka, halafu uipige mashine kofi moja ubavuni upande wa kushoto. Na kengele ikilia haikomi mpaka uipige tena makofi mawili. Dada alimwonyesha Fundi mambo hayo huku wote wawili wanacheka mpaka wanashikilia meza. Hakuna kitabu cha maelekezo chenye hayo, na hakuna kikaango kingine duniani chenye ugonjwa huo.

Fundi alikuwa amefungua mdomo amweleze. Mkaguzi alikuwa analamba siagi kwenye kidole gumba cha kushoto, anaongea.

"Mimi nasema chumba kiwe na rangi ya krimu. Bluu inaleta usingizi." Na mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe. Ukaweka joto kwenye nyuzi mia na tisini. Ukaizungusha swichi ya dakika mpaka mwisho. Ukangoja. Ta. Ukairudisha pole pole mpaka nane. Kisha kiganja kikafunguka, kikaipiga mashine kofi moja ubavuni, upande wa kushoto. "Na pazia tusinunue, utashona mwenyewe, si ndiyo?"

Mashine ikaanza kuhesabu. Ta, ta, ta.

Fundi alikuwa ameshika nusu ya limau. Juisi ilimtiririkia mpaka kwenye kiwiko na hakuifuta.

"Umejuaje?" akauliza.

"Nimejua nini?"

"Kuizungusha hivyo."

Mkaguzi akageuka. Alisita nusu ya pumzi tu, lakini Fundi ni mtu anayeona upindo uliopinda kwa upana wa uzi, na hiyo nusu ya pumzi aliiona. "Aa, hizi mashine zote ndivyo zilivyo. Lazima uzivute kwanza."

"Na kofi?"

"Kofi gani?"

"Ulilolipiga."

Akacheka. "Fundi wangu! Mimi mashine zote nazipiga makofi. Njoo kazini uone mizani zinavyoniogopa."

Fundi akacheka pia. Ndiyo, alicheka, sauti ikatoka kavu. Akaweka limau chini, akafuta mkono kwenye aproni. Na bado kulikuwa na mtu mdogo ndani yake aliyekuwa anamtetea huyu mwanaume kwa nguvu zote: huenda kweli, huenda kabahatisha.

"Hujawahi kufika hapa?" akauliza kwa upole. "Hata kupita tu? Ukisema ndiyo sikasiriki."

"Nifike kufanya nini? Kumwagiwa maji ya moto?"

"Nijibu tu."

"Sijawahi. Naapa kwa harusi yetu."

Ta, ta, ta, ikasema mashine.

Alikuwa amempa mlango, tena ameufungua wote, na mwanaume amekataa kupita. Hapo yule mdogo wa ndani akanyamaza. Fundi akavuta stuli, akakaa, akaanza kukumbuka. Alikumbuka kichwa kilivyoinama chini ya kabati. Akakumbuka Jumatano. Jumatano dada hana zamu. Na Jumatano mchana Mkaguzi hapatikani kwenye simu, eti yuko chumba cha barafu na mtandao haufiki. Fundi alikuwa akimwonea huruma kwa baridi. Alikuwa amemshonea fulana nzito ya kuvaa ndani.

"Mbona kimya?" Mkaguzi akauliza.

"Nasikiliza dakika."

Zilikuwa zimebaki tatu na ushee waliposikia funguo mlangoni. Dada alikuwa amewahi nusu saa nzima. Akaingia na sare yake nyeupe, viatu mkononi, na kabla hajaona mtu akaita, "Mdogo wangu, ni wewe? Umekula?"

Kisha akafika kwenye mlango wa jiko. Viatu vikaanguka.

Nakwambia, kama ungekuwapo na hujui kitu, ungewapigia makofi. Dada alitoa sauti ambayo majirani walizima redio waisikilize. "Nani amemleta huyu mtu kwangu? Nani? Nilisema nini mimi? Si nilisema nisimwone?"

"Shemeji, nisamehe," Mkaguzi akainamisha macho, mikono mbele kama mtoto wa shule. "Nimekuja kwa heshima."

"Shemeji wa nani? Umemwoa nani? Toka!"

"Dada," Fundi akasema. Alisema taratibu. Hakuinuka kwenye stuli. "Nilitaka mpatane. Kambakoche hiyo, ile unayoipenda. Amekupikia."

Na dada, badala ya kushangaa kama mtu anayesikia habari mpya, akatazama kikaango haraka, kisha akaangalia sakafu. "Sitaki vyakula vyake," akasema. "Ananiona mimi ni mtu wa kununuliwa kwa samaki?"

"Shemeji, hata hunijui," Mkaguzi akasema. "Ungenipa nafasi unijue."

"Nikujue wewe? Mimi? Nikujue ili iwe nini?"

Fundi alikuwa anaangalia nyuso zao kwa zamu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Watu wawili kwenye jiko ambalo ukinyoosha mkono unagusa ukuta, wanagombana miezi minane, na macho yao hayakutani hata kwa bahati mbaya. Alitamani awe amekosea. Alitamani hata aombe radhi kwa kuwafikiria vibaya, apige magoti kabisa.

Kengele ikalia.

Ilikuwa kengele kali, ya bati, na haikomi mpaka makofi mawili. Dada alikuwa upande wa mlango, Mkaguzi upande wa sinki, kikaango katikati. Wote wawili bado wanaongea, "Nasema toka," "Shemeji nisikilize," na wote wawili, bila kufikiri, wakanyoosha mkono ubavuni mwa mashine, upande wa kushoto. Mkono ukaangukia mkono. Wakaganda hivyo, kiganja cha mwanaume juu ya kiganja cha dada, na kengele inalia.

Dada akautoa mkono kama ameungua. Mkaguzi akauficha wake nyuma. Kengele ikaendelea kupiga kelele na hakuna aliyethubutu kuigusa tena. Fundi ndiye aliyeinuka, akapita katikati yao, akachomoa waya ukutani.

"Tangu lini?" Fundi akauliza.

"Fundi wangu, nisikilize, hii si..."

"Wewe nyamaza. Sijafika kwako." Alikuwa anamtazama dada yake. "Tangu lini, Dada?"

Dada alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Mwanamke aliyefunga macho ya maiti na kuzalisha akina mama usiku kucha, leo alihitaji mlango umshike. "Nilipohamia tu," akasema. "Alikuja kukuombea wewe. Alinibishia hodi, akasema nimruhusu akuoe. Nilimfukuza. Wiki iliyofuata akaja na mikia miwili kwenye mfuko."

"Akapika."

"Akapika."

"Kwenye kikaango nilichokununulia mimi."

Dada akakitazama kikaango. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Ulimfundisha hata kulipiga lile kofi," Fundi akasema, na sauti yake ikavunjika hapo, kwenye kitu kidogo hicho. "Ule mzaha wetu, Dada. Nao ukampa."

"Mdogo wangu, nilikaa pale kwenye kiti," dada akasema, akionyesha kwa kidole, "nikawekewa sahani mbele yangu. Tangu mama afariki hakuna mtu aliyesimama jikoni kwa ajili yangu. Miaka kumi na minne. Narudi kutoka kazini, napika, nakula na sufuria. Nikalia mbele yake kama mjinga. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Sijitetei. Nakwambia tu."

"Ungeniambia. Ningekuja kukupikia kila siku. Kila siku, Dada! Ningelala hapa kwenye sakafu."

"Najua."

"Na matusi yale yote? Kusonya, maji ya moto?"

"Ningeacha kumtukana ungeniuliza kwa nini." Dada akavuta pumzi. "Mwanzo nilikukataza kwa sababu simwamini. Baadaye nilikukataza kwa sababu namjua."

Mkaguzi akaona ameachwa nje ya hadithi yake mwenyewe. Akajisogeza, akamshika Fundi kiwiko. "Lilikuwa kosa. Shetani alipita. Mimi ninayempenda ni wewe, na harusi ipo, kesho wazee wanakutana. Tusiharibu mambo makubwa kwa sababu ya kosa."

"Kosa?" Aliyesema hivyo alikuwa dada. Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Jumatano zote zile ulikuwa unakosea? Na yale uliyoniambia, kwamba utamweleza mwenyewe, kwamba nikusubiri?"

Mkaguzi akageukia sinki. Mtu anayeweza kutambua samaki aliyeoza kwa kumtazama jicho hakuthubutu kumtazama yeyote jichoni.

Fundi akakiondoa kiwiko chake mkononi mwake, kidole kimoja kimoja. "Wewe," akamwambia, "wewe ni mwanaume tu. Utaniuma, sikatai. Nitalia, nitakonda, magauni yatanipwaya, halafu siku moja nitaamka nitakuta umenitoka. Wanaume wapo." Akamgeukia dada, na hapo ndipo nguvu zikamwishia. "Lakini wewe nikuweke wapi? Nikiumizwa nilikuwa nakuja hapa. Mtu akinitenda vibaya nilikuwa nakimbilia kwako. Sasa haya nikamlilie nani, Dada? Niambie. Nikamlilie nani?"

Dada akanyoosha mikono. Fundi akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga friji.

Simu ikaita mfukoni mwa aproni. Ilikuwa ya Shangazi, na Shangazi hapendi kusubiri. Simu isipopokelewa hupiga hadi betri imwishie. Dada akatikisa kichwa, akaunganisha viganja viwili kifuani: tafadhali usimwambie. Fundi akapokea, kidole kikabonyeza kipaza sauti bila kukusudia, sauti ya Shangazi ikajaa jiko zima.

"Haya bibi harusi! Mmeshakula? Dada mtu amefika?"

"Amefika, Shangazi."

"Na yule bwana yupo?"

"Yupo."

"Enhe, niambie basi, nimekaa roho juu tangu asubuhi. Wamepatana?"

Fundi akawatazama wote wawili. Mmoja alikuwa anaangalia dirisha, mwingine amefunga macho.

"Wamepatana, Shangazi," akasema. "Kumbe walipatana zamani."

"Si nilikwambia! Nilijua tu, dada yako roho yake ni nzuri, mdomo ndio mbaya. Kwa hiyo kesho nikodi viti vingapi?"

"Usikodi. Kesho wasije."

"Wasije? Una wazimu? Kwa nini wasije?"

"Nitakueleza nikifika kwako. Nakuja leo. Niwekee godoro."

"Mwanangu, unalia?"

"Bado," Fundi akasema, akakata simu.

Akavaa glavu ya jikoni, akaivuta droo. Mikia ilikuwa imeiva vizuri kabisa. Gamba jekundu, nyama nyeupe imevimba juu yake, siagi inachemka pembeni, harufu ya kitunguu saumu ikajaa chumba. Hakuna hata mmoja uliozidi dakika. Akachukua sahani mbili, akaweka miwili huku na miwili kule, akakata limau akaweka pembeni. Alifanya hivyo bila haraka, kwa sababu akiacha kufanya kitu angeanguka.

"Kaeni mle," akasema. "Ikipoa inakuwa mpira."

Akavua aproni, akaikunja. Akaitoa funguo ya akiba kwenye mkufu wa funguo zake, kucha ikamvunjika kwa kuilazimisha, akaiweka mezani katikati ya sahani. Alipotoka jikoni ile kona ya kabati ilimpiga kichwani. Hakusimama hata kujishika.

Mkaguzi akamfuata mpaka sebuleni akimwita jina la mapenzi. Fundi akafungua mlango, akatoka, akaanza kushuka. Ghorofa ya tatu aliipita macho makavu. Alikuwa anapanga mambo kichwani: gauni nitalifumua, lile nililomshonea dada avae siku hiyo pia nitalifumua, vitambaa vizuri vile vitamfaa mtu. Alikuwa anajiona ana nguvu. Alikuwa anashangaa hata mwenyewe.

Ndipo mlango wa juu ukafunguliwa tena, na sauti ya dada ikashuka kwenye ngazi. Haikuwa sauti ya kuomba msamaha wala ya kujitetea, nafikiri mdomo ulimtoka tu, kwa mazoea ya miaka kumi na minne.

"Mdogo wangu! Hujala!"

Fundi akakaa pale pale, kwenye ngazi ya ghorofa ya pili, mkoba magotini, akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama alivyolia siku ile ya mama, wakati kulikuwa na mtu wa kumkumbatia. Jirani mmoja alifungua mlango, akamwona, akaufunga taratibu. Juu, dada alikuwa bado amesimama. Fundi alikuwa anazisikia pumzi zake, na alijua akigeuza kichwa tu atapanda.

Hakugeuza. Alilia mpaka akamaliza, akapenga kamasi kwenye kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye gauni lake, akashika ukuta, akashuka.